KARATASI ZA MSAADA WA KOMPYUTA: KWA NINI ZILIONDOLEWA



Wengi wenu mmeuliza kwa nini karatasi za maelezo zilizobandikwa katika chumba cha kompyuta hapa Magara ziliondolewa. Katika ukurasa huu tunaeleza sababu, tunaeleza programu tuliyoijaribu, na mwisho tuna ombi kwenu.

1. Maelezo ya msaada ni nini?

Ni maandishi yanayomwongoza mtu anayetumia programu ya kompyuta: abonyeze wapi, afuate hatua gani, na ajihadhari na nini. Katika chumba chetu tunatumia LibreOffice kuandika barua na maombi. Maneno yake kwenye kioo ni ya Kifaransa, na wengi wetu hatukusoma Kifaransa. Bila maelezo ya Kiswahili au Kirundi, mtu anabahatisha tu.

Maelezo yetu yalikuwa ya namna tatu: karatasi ya ukutani, ukurasa ndani ya kompyuta, na faili la kusomea kwenye simu. Kila moja liliandikwa peke yake. Tuliposahihisha karatasi, simu zilibaki na maelezo ya zamani. Watu wawili walikaa meza moja, kila mmoja akifuata maelezo yake.

2. Programu ya kugeuza faili

Ili kuondoa tatizo hilo tulijaribu programu inayoitwa Pandoc. Iliandikwa na John MacFarlane, mwalimu wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani, na ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2006. Haina malipo, na ikishawekwa katika kompyuta haihitaji intaneti.

Kazi yake ni kama kazi ya mama anayeuza ndagala. Samaki ni wale wale wa ziwa letu, lakini wengine anawauza wabichi, wengine anawakausha. Vivyo hivyo sisi tunaandika maelezo mara moja tu katika faili la maandishi matupu, tunaweka alama chache za vichwa na hatua, kisha tunaagiza hivi:

pandoc msaada.txt -o msaada.docx

Herufi za mwisho wa jina ndizo zinazoieleza programu itoe nini. Tukiandika docx tunapata waraka wa kuchapisha kwenye karatasi. Tukiandika html tunapata ukurasa wa kompyuta. Tukiandika epub tunapata kitabu cha kusomea kwenye simu. Kosa likisahihishwa katika faili la kwanza, tunatoa upya yote matatu.

3. Kilichoharibika

Ndagala akikaushwa hupoteza maji. Faili nalo likigeuzwa hupoteza kitu, na sisi hatukuangalia ni kitu gani.

Karatasi ya zamani ilikuwa na onyo kwa wino mwekundu: mtu akifungua barua ya mfano asibonyeze "Enregistrer", bali abonyeze "Enregistrer sous" na kuandika jina lake. Cha kwanza huhifadhi juu ya barua ile ile iliyofunguliwa, na maneno yaliyokuwamo hufutika. Cha pili hutengeneza barua nyingine. Tulipogeuza waraka ule kuwa maandishi matupu, maneno yote yalibaki lakini rangi ilipotea. Onyo likawa sentensi kama sentensi nyingine.

Tena, chini ya maneno "Fuata hatua hizi" tuliandika hatua ya 1, ya 2 na ya 3 bila kuacha mstari mtupu. Pandoc haitambui orodha isiyotanguliwa na mstari mtupu. Hatua zote zikaunganishwa kuwa aya moja ndefu.

Tulichapisha, tukabandika. Siku chache baadaye kijana mmoja alifungua barua ya mama mmoja akidhani ni ya mfano, akaandika yake, akabonyeza "Enregistrer". Barua ya mama yule ilikuwa ya kuulizia habari za mtoto wake waliyepoteana njiani. Ilifutika yote. Kijana hakukosea; alifuata karatasi yetu. Kosa lilikuwa letu sisi tulioiandaa, nami nikiwa mmoja wao. Tulikaa na mama tukaiandika upya, lakini alilazimika kusimulia tena mambo ambayo hakutaka kuyasimulia mara ya pili.

4. Tunavyofanya sasa

- Onyo tunaliandika kwa maneno, mwanzoni mwa hatua, tukitanguliza neno HATARI. Rangi si onyo.
- Kabla ya kila orodha tunaacha mstari mtupu.
- Faili tunalihifadhi kwa mpangilio wa herufi wa UTF-8, kwa sababu Pandoc inausoma huo. La sivyo, herufi za Kifaransa zenye alama, kama katika "Édition", huharibika, na mtu hawezi kulitambua neno analoliona kwenye kioo.
- Picha hubaki ndani ya docx na epub, lakini html ya kawaida huziacha nje. Tukinakili html tunanakili na picha zake.
- Kila ukurasa unaandikwa tarehe, ili mjue upi ni mpya.
- Barua za wakazi hazikai tena pamoja na barua za mfano.

Wengine husema Kiswahili hakiwezi kueleza kompyuta. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maneno ya Kiswahili. Maneno kama faili, hifadhi na futa yanatosha kabisa kazi yetu.

5. Ombi letu

Karatasi mpya zipo tayari, lakini hatutazibandika kabla hazijajaribiwa. Tunaomba watu wa kuzijaribu kwa Kiswahili na kwa Kirundi, akina mama na wazee pia. Anayejua kompyuta hatufai sana, maana yeye huruka kosa bila kuliona. Tunamhitaji asiyejua: afuate hatua moja moja, nasi tukae kimya tutazame anapokwama.

Wenye simu zenye maelezo ya zamani, tafadhali yafuteni, mje kuchukua mapya yatakapokuwa tayari. Na aliyepotewa na barua asione haya kutuambia. Tutaiandika pamoja naye.