Kichocho cha Utotoni Hulipiwa Ukubwani



Msimu wa vuno ukikaribia, huwa twaandika habari za majamvi, makonyo na bei. Safari hii Katibu aomba radhi kuleta habari za maradhi, tena za mbali, za Kirumba huko Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Sababu yake mtaiona mbele.

Kirumba ni mtaa wa wavuvi na wachuuzi. Soko lake la Mwaloni lajulikana mpaka Kongo kwa dagaa na samaki wakavu. Katika mwambao wa ziwa lile mtoto huingia majini kabla hajaingia skuli: huteka maji, hukoga, huosha vyombo, hushika kamba ya mtumbwi wa babake. Majini humo wamo konokono wadogo, na kwao hutoka vijidudu visivyoonekana kwa jicho, ambavyo hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Hicho ndicho kichocho. Mnyoo wake alitambuliwa na tabibu Mjerumani, Theodor Bilharz, mjini Kairo mwaka 1851.

Kichocho chetu sisi wa Unguja na Pemba ni cha mkojo. Cha ziwani ni cha tumbo. Minyoo hukaa katika mishipa ya damu ya matumbo, dume na jike wamekumbatiana, na jike hutaga mayai mamia kila siku. Mayai mengine hutoka na choo. Yaliyosalia hukwama katika utumbo na ini, na mwili huyapiga vita. Hapo ndipo penye uvimbe na kuhara damu. Mtoto hudumaa, damu humpungua, masomo humshinda, na nyumbani husemwa kwamba ana tumbo tu, litapita.

Halipiti. Mnyoo huweza kuishi ndani ya mtu miaka mingi, na anayeingia majini kila siku huongezewa wengine. Ini lililopigana na mayai tangu utotoni hufanya makovu kuizunguka mishipa yake. Damu hukosa njia, bandama huvimba, tumbo hujaa maji, na mishipa ya njia ya chakula, kati ya koo na tumbo, hutuna mpaka siku moja ikapasuka. Mtu aliye katika umri wa kazi, aliyelala mzima, huamka akatapika damu. Mwaka 2014 matabibu wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha habari za wagonjwa waliolazwa kwa kutapika damu: wengi walikuwa na mishipa hiyo iliyotuna, na wengi walikuwa na kichocho. Hospitali yaweza kuifunga mishipa hiyo kwa vipira, lakini kovu la ini ni gumu kuondoka.

Sasa turudi kwetu. Kichocho cha mkojo nacho chaweka deni. Mwaka 1964 Forsyth na Bradley waliandika kwamba madhara mengine kwa watoto wa skuli hayarudi nyuma, na mwaka 1966 wakaeleza matokeo ya kichocho katika kaskazini-magharibi ya Tanzania. Mwaka huo huo 1966 Forsyth na Macdonald walitoa habari za figo na njia za mkojo za watoto wa skuli ya Donge, hapa hapa Unguja. Mtu mzima huweza kupata figo mbovu au saratani ya kibofu. Mwanamke hupata vidonda vya ndani, na pengine hukosa mtoto, naye husingiziwa mambo mengine. Mimi nilipokuwa chuoni tulikuwa tukikojoa damu, tukadhani ni kubaleghe, na aliyekojoa nyingi alijiona mwanamume kuliko sisi.

Habari njema ni kwamba mtoto aliyetibiwa mapema, vidonda vya kibofu chake mara nyingi hupona. Wazee wetu watakumbuka sindano za antimoni, kali mno. Leo dawa ni vidonge vya prazikwanteli, ambavyo huua minyoo mikubwa ila si michanga. Kwa hiyo kunywa mara moja hakutoshi. Skulini hupimwa kimo cha mtoto kwa ufito ili kujua idadi ya vidonge. Yafaa mtoto awe amekula, maana tumbo tupu huleta kichefuchefu, na kichefuchefu huzaa uvumi. Morogoro mwaka 2008 uvumi wa namna hiyo uliwafanya wazazi wavamie skuli, na ugawaji ukasimama. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lashauri dawa hii wapewe pia watu wazima, na watoto tangu miaka 2, pale penye maradhi mengi.

Visiwani petu mpango mkubwa wa kukitokomeza kichocho ulianza mwaka 2011. Kimepungua sana, lakini hakijakwisha, na katika baadhi ya vijiji hurudi. Hapo ndipo lilipo jambo letu, ndugu zangu. Wachumaji huja na kurudi, hulala mashambani, hukoga mtoni jioni, na pasipo choo hujisaidia kando ya mto huo huo. Na watoto wetu wenyewe, tukiwatoa skuli kuja kuchambua karafuu, siku ya vidonge huwapita. Ninalisema hili nikijua kwamba ujira wao wanaohitaji ni wengi, wala sitaki kumlaumu mtu.

Kamati italizungumza katika mkutano kabla ya vuno. Wenye mashamba yaliyo karibu na mito na mabwawa wampe Katibu idadi ya wachumaji wao, na waseme kama shambani pana choo, ili tujue ni madumu mangapi ya maji ya kisima ya kukogea yatakiwa, na nani atayachukua.