Majivu ya Pumba za Mpunga

Katumba Songwe, wilayani Kyela, ni nchi ya mpunga. Kilo 100 za mpunga zikikobolewa hutoa takriban kilo 20 za pumba, ambazo zikiungua huacha kilo 4 hivi za majivu. Majivu hayo yana silika nyingi. Yakisagwa laini na kuchanganywa na chokaa na maji, huganda yakawa kiungo cha kujengea kuta, ingawa hakifikii saruji ya kiwandani. Lakini moto ndio mwamuzi. Ukizidi mno nyuzi 700 za Sentigredi, silika hugeuka fuwele na hukataa kuungana na chokaa. Basi majivu yatokayo kwenye tanuru la matofali, ambalo joto lake hupita kiwango hicho, yasitumiwe kabla ya kupimwa.