Somo la Kusoma: Annette na Lucien

Kaeni karibu na redio, na kila mmoja awe na daftari lake. Leo twatazama hadithi za Kikristo za watoto wakubwa, wale wa miaka 10 mpaka 14, hasa zile zihusuzo urafiki. Tutachukua kitabu kimoja tu.

Kitabu hicho kilitolewa Uingereza mwaka 1950. Jina lake ni Treasures of the Snow, yaani Hazina za Theluji. Theluji ni ule weupe uonekanao kileleni mwa Kilimanjaro. Aliyekitunga, Patricia St. John, alikuwa muuguzi, akafanya kazi miaka mingi Tangier, nchi ya Moroko. Utotoni alipata kukaa Uswisi, na hadithi yake ameiweka huko, katika kijiji cha milimani.

Lucien anamchokoza mtoto mdogo aitwaye Dani. Anamning'iniza paka wa mtoto huyo juu ya korongo. Hakusudii kumtupa, lakini paka anamparura mkono, naye anamwachia. Dani anamfuata paka wake, anaanguka, anavunjika mguu, anabaki kiwete. Basi Annette, dada yake Dani, anamchukia Lucien kabisa.

Hapa sikilizeni vizuri. Mtungaji dhaifu angemfanya Annette kuwa mwema na Lucien kuwa mwovu, kisha mwovu aombe radhi, hadithi iishe. Watoto hawadanganyiki upesi hivyo! Katika kitabu hiki Lucien anachonga farasi wa mti kwa mashindano, na Annette anamvunja farasi huyo kwa siri. Sasa wote wawili wana kosa, tena la Annette halijulikani na mtu.

Usiku mmoja Annette anaumia mguu njiani, katika theluji. Anayemkuta ni Lucien. Hapo ndipo anapomwambia habari ya yule farasi. Baadaye Lucien anavuka mlima usiku, katika tufani, ili amwite daktari hodari amtazame Dani. Sisemi yaliyotokea, atakayekisoma ataona.

Sasa kazi ya nyumbani. Wasimulieni watoto wenu hadithi hii mpaka mahali pa farasi aliyevunjwa, kisha nyamazeni. Waulizeni, Annette afanye nini? Andikeni jibu la mtoto mmoja kwa sentensi tatu, mlilete darasani juma lijalo. Maneno ya imla ni haya: theluji, korongo, kiwete, kuchonga, radhi.