Ukungu Mwema wa Kuzuia Sumukuvu

Mkulima wa Ruhembe, miwa ndiyo fedha yako, lakini mahindi ndiyo ugali wa watoto wako. Mahindi huotwa na ukungu wenye sumu, nayo ni sumukuvu. Haionekani kwa macho, wala moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Bwana Peter Cotty wa Marekani aligundua njia katika pamba ya Arizona: ukungu wa namna ile ile, ila usio na sumu, hutangulizwa shambani ukamnyima yule mbaya nafasi. Bwana Ranajit Bandyopadhyay, mtaalamu wa magonjwa ya mimea aliyetoka India kwenda taasisi ya IITA, Ibadan, akaieneza Afrika. Ukungu huo hutafutwa katika nchi yenyewe, ukapakwa juu ya punje za mtama zisizoweza kuota. Wetu, Aflasafe TZ01, uliandikishwa mwaka 2018.

Mwaga kilo 4 kwa eka, majuma mawili au matatu kabla ya mbelewele, udongo ukiwa na unyevu. Ukimwaga juu ya vumbi kavu umewalisha ndege tu. Punje hizo usile. Na mahindi uyakaushe juu ya turubai, maana dawa hii haiponyi yaliyokwisha oza.