Grafu za Malaria: Nguzo Zinaposema Kweli na Zinapotia Chumvi

Mwaka 1996 watafiti wa mjini Ifakara, Tanzania, walianza kuorodhesha kaya katika vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga. Wahojaji walipita nyumba kwa nyumba, kisha wakarudi tena na tena kuuliza nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Katika miaka hiyohiyo vyandarua vyenye dawa, vilivyoitwa Zuia Mbu, viliingia madukani. Baada ya miaka mitatu, kiwango cha watoto wachanga wanaolala ndani ya vyandarua vya aina hiyo kilikuwa kimepanda kutoka chini ya asilimia 10 hadi zaidi ya 50.

Habari hiyo inatosha nguzo mbili, moja fupi na nyingine ndefu. Kuchora athari yake kwa uhai wa watoto ndiko kugumu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 katika jarida la Lancet yalihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Lakini 27 ni kadirio tu: hesabu zenyewe ziliruhusu jibu lolote kati ya 3 na 45. Kwa hiyo mchoraji mwaminifu hupitisha kwenye kilele cha nguzo kijistari chembamba kinachoanzia 3 na kuishia 45. Kikifutwa, msomaji ataondoka akiamini kwamba 27 ilipimwa kwa rula.

Sasa zitazamwe takwimu za taifa. Vipimo vya haraka vya malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano vilionyesha maambukizi ya asilimia 9 mwaka 2011–12, 14 mwaka 2015–16, 7 mwaka 2017 na 8 mwaka 2022.

Namba hizo nne zinaweza kusimulia hadithi yoyote. Anayetaka kusifia huanzia 2015 na kuishia 2017: malaria imepungua nusu! Anayetaka kutisha huchukua miaka miwili ya mwisho, kisha huanzisha mhimili wima kwenye 6 badala ya sifuri. Nguzo ya 2022 inakuwa ndefu mara mbili ya ile ya 2017, ilhali kilichoongezeka ni pointi moja tu ya asilimia. Mwingine hupanga miaka yote kwa nafasi sawa, kana kwamba pengo la 2017 hadi 2022 ni sawa na lile la 2015 hadi 2017, na mteremko wa mstari unapotoka.

Aina ya grafu nayo ina kazi yake. Mwaka 2017 Kigoma ilikuwa na asilimia 24, Kilimanjaro chini ya 1. Mikoa haifuatani kama miaka, hivyo kuiunganisha kwa mstari hakuna maana. Nguzo ndizo zinazofaa. Tofauti hiyo pia inaonyesha kwamba wastani wa taifa hauwezi kusimama badala ya hali ya Ifakara.

Kuna pia suala la majira. Utafiti wa 2017 ulifanyika kuanzia Oktoba hadi Desemba. Ule wa 2022 ulianza Februari ukaisha Julai, ukipitia masika yote. Wakulima wa mpunga wa Kilombero wanajua mbu wa masika walivyo. Miezi hiyo ikiandikwa chini ya grafu, msomaji atajiuliza kama kupanda kutoka 7 hadi 8 ni malaria kuongezeka au ni mvua tu.