Tendegu la kale si duara

Chukua bikari, upime unene wa tendegu la kitanda cha zamani cha Lamu. Lizungushe robo, upime tena. Vipimo vitapishana, japo kwa unywele tu.

Siri hiyo nilidokezwa na fundi mmoja mkerezaji, nami haijanitoka kichwani tangu hapo. Kwa maelezo yake, chanzo ni mti wenyewe. Mbao ikikauka husinyaa, ila haisinyai sawasawa. Urefu hupungua kidogo mno. Unene hupungua, tena kwa kufuata miduara ya umri wa mti hupungua zaidi kuliko kuelekea kwenye kiini. Basi tendegu lililotoka kwenye keezo likiwa duara safi, miaka ikipita huvutika upande likawa kama yai. Mwigaji anaweza kupaka moshi, mafuta na vumbi. Umbo hilo halipakiki.

Pia fundi huyo hutazama vifundo vilivyokerezwa. Keezo la uta huzungusha mti mbele na nyuma, na patasi hukata mti unapokuja tu. Unaporudi, mkono hutulia. Ndiyo maana matendegu manne ya kitanda kimoja hufanana bila kulingana. Katikati ya tendegu fundi wa kale aliacha pembe nne, ndimi za mfumbati na kitakizo zipate pa kuingilia.

Baadhi ya matendegu yana wekundu na weusi ambao haukupakwa kwa brashi. Kijiti cha lakiri hugandamizwa kwenye mti unaozunguka, joto la msuguano likaiyeyusha. Ufundi huo ungali hai India; mafundi wa Channapatna humalizia kwa kung'arisha kwa jani la jamii ya mkadi.

Kinachomuuma fundi wangu ni msumeno. Mteja ana godoro nene, kitanda kinamzidi kimo, anaagiza miguu ikatwe. Vipande vinageuzwa vishikio vya taa.

Na tendegu moja likiliwa na mchwa? Akereze jipya, lililo duara kati ya wazee watatu? Au ang'oe la kitanda kingine, akiue hicho ili kuponya hiki? Amefanya yote mawili, na hakuna lililompa raha.

Wewe uliyerithi kitanda cha bibi, nakuomba: kikikuzidi kimo, nunua godoro jembamba. Miguu iache.