Nani Aliwaambia RAM Inafagiwa?

Swali huja kwa sura mbili. Mwenye simu anauliza programu ipi ya kusafisha RAM ni nzuri. Mwenye seva, ambaye amesoma kidogo na kwa hiyo ni wa hatari zaidi, anauliza ile amri ya kufuta kache aiweke kwenye kroni, ratiba ya kazi zinazojirudia zenyewe, kila saa au kila nusu saa. Nimewajibu wote kwa upole muda mrefu. Leo najibu bila upole: programu nzuri haipo, na hiyo amri itoe kwenye kroni kabla hujamaliza aya hii.

Kosa lenyewe ni kudhani kwamba RAM iliyo wazi ni mali. Si mali. Ni fedha ulizoacha dukani bila kuchukua bidhaa. Chipu ya RAM inakula umeme uleule ikiwa imejaa au iko tupu, haichoki kwa kujaa, wala haipati nafuu kwa kupumzishwa. Kerneli ya Linux, ambayo ndiyo iliyo chini ya kila simu ya Android na chini ya seva nyingi mnazozitumia bila kujua, inalielewa jambo hili vizuri sana. Ikikuta RAM ambayo hakuna programu inayoihitaji, inaweka humo mafaili yaliyosomwa karibuni, ili yakiombwa tena yasifuatwe diskini. Hiyo ndiyo kache. Ukiona imejaa, kerneli inafanya kazi uliyoinunulia.

Sasa tuangalie mfano. Chama kimoja cha akiba na mikopo kiliniita kwa sababu mfumo wake wa hesabu ulikuwa ukiganda. Seva ina RAM ya GB 16. Mhudumu wa mfumo akanionyesha matokeo ya amri ya `free` kwa uso wa mtu aliyekwisha kumkamata mwizi: safu ya free ilisoma MB mia tatu na kitu. “Ona, mtaalamu, RAM imekwisha.” Nikamwomba asogeze jicho hadi safu ya mwisho, inayoitwa available. Ilisoma GB 10. Safu hiyo inatokana na hesabu ambayo kerneli ilianza kuitoa yenyewe mwaka 2014, toleo la 3.14, baada ya miaka mingi ya watu kujumlisha tarakimu kwa vidole na kukosea. Inajibu swali la maana: programu mpya ikija sasa hivi, itapata kiasi gani bila mashine kuteseka? GB 10, bwana. Mwizi hayupo.

Kerneli inajuaje kwamba hizo GB 10 zinapatikana wakati zimejaa? Hapa ndipo wengi wanapokosa subira, lakini ndipo jibu lilipo. RAM inakatwa vipande, kwa kawaida vya baiti 4096, na kila kipande kinaitwa ukurasa. Simu ya GB 4 ina kurasa 1,048,576. Kila ukurasa una rekodi yake ndani ya kerneli, kwa kawaida ya baiti 64. Piga hesabu: MB 64 za simu hiyo zimeliwa na rekodi tu, hata WhatsApp hujafungua. Ndani ya rekodi kuna mfululizo wa biti, na biti nyingi kati ya hizo ni alama za ndiyo au hapana. Ukurasa huu umeguswa karibuni. Huu umo kwenye orodha ya zinazotumika. Huu umebadilishwa na mabadiliko hayajaandikwa diskini. Watunza kerneli wanauita mchafu. Huu umefungwa, kuna anayeushughulikia. Huu uko njiani kwenda diskini sasa hivi.

RAM ikihitajika, kerneli inapita kwenye orodha zake na kusoma alama. Ukurasa wa faili ambao haujaguswa karibuni na si mchafu unatupwa papo hapo, kwa sababu nakala yake iko diskini. Hakuna kinachoandikwa, hakuna anayesubiri. Kazi iko kwa kurasa nyingine. Ukurasa mchafu lazima kwanza uandikwe. Na kumbukumbu ya programu yenyewe, ile isiyo na faili nyuma yake, lazima ipelekwe kwenye swapu, yaani nafasi iliyotengwa diskini, au ibanwe ndani ya RAM yenyewe kwa zram kama simu nyingi zinavyofanya. Hizo ndizo kurasa zinazotoa jasho.

Je, ile amri yenu ya drop_caches inafanya nini? Ukiandika 1 inatupa kurasa za mafaili, ukiandika 2 inatupa kumbukumbu za majina na saraka, ukiandika 3 inatupa vyote. Lakini inatupa zile safi tu. Chafu haizigusi. Kumbukumbu za programu haizigusi. Yaani inaondoa kurasa zilezile ambazo kerneli ingeziondoa yenyewe bila gharama wakati wowote, na inaacha zilezile zinazosumbua. Seremala ana randa, patasi na msumeno mezani, na kila saa anakuja mtu kuvirudisha stoo ili meza ionekane pana. Kisha mtu huyohuyo anashangaa kwa nini kabati halijaisha.

Kwenye kile chama, kroni ilikuwa imewekwa kila saa kamili. Saa mbili asubuhi, wanachama wakiwa wamepanga foleni, kache yote inatupwa, na hifadhidata inaanza kusoma upya kutoka kwenye diski ya kuzunguka, faharasa baada ya faharasa. Mfumo unaganda dakika kadhaa, kisha unakaa sawa, kisha saa tatu unaganda tena. Mhudumu alikuwa ameona kwamba mashine ni nzito kila baada ya saa moja, na alikuwa akifikiria kuongeza amri hiyo iwe kila nusu saa.

Ushahidi ulikuwa kwenye logi ya kerneli, mstari uleule ukijirudia kila saa:

`bash (2817): drop_caches: 3`

Namba ya kwenye mabano tu ndiyo iliyokuwa ikibadilika. Mstari huo hauko pale kwa bahati. Mwaka 2014 mhandisi Dave Hansen aliingiza badiliko linaloifanya kerneli iandike jina na namba ya mchakato wowote unaotumia drop_caches, na kuongeza onyo kwenye nyaraka kwamba chombo hiki ni cha majaribio na uchunguzi, hakifai kutumika nje ya hapo. Maana yake ni kwamba watunza kerneli wenyewe walikwisha kuchoka kupokea malalamiko ya mashine nzito yaliyosababishwa na dawa. Badiliko hilohilo liliweka pia namba 4, ya kunyamazisha ujumbe. Nimewahi kukuta kroni ya mtu aliyesoma onyo lote, akaruka ushauri, akachukua namba 4.

Turudi kwa wenye simu. Programu ya kusafisha RAM haina hata uwezo wa drop_caches, kwa sababu simu ya kawaida haiipi mamlaka hayo. Ilichokuwa ikifanya miaka yote ni kuua programu zilizo nyuma. Programu nyingi kati ya hizo zilikuwa zimelala, hazitumii prosesa, zinangoja tu urudi kwao haraka. Ukiziua, nyingine zinaamshwa tena na mfumo baada ya muda mfupi, zinaanza mwanzo, zinasoma kila kitu upya, na betri inalipa. Android ina muuaji wake anayejua kazi: kila mchakato una alama kutoka −1000 hadi 1000, programu unayoitazama kwenye skrini inalindwa, uliyoiacha jana iko mbele ya foleni ya kuuawa. Kuanzia Android 10 muuaji huyo anaweza kupima jinsi michakato inavyokwama ikisubiri kumbukumbu, badala ya kutegemea kiasi kilicho wazi peke yake.

Na tangu Android 14, ya mwaka 2023, mlango wenyewe umefungwa. Programu ikiita ile huduma ya kuua michakato ya nyuma, inaruhusiwa kuua ya kwake tu. Kwa hiyo ule ufagio unaozunguka, ile asilimia inayoshuka kutoka 87 hadi 41, na ule ujumbe wa pongezi ni katuni. Baada ya katuni linakuja tangazo, na tangazo ndilo biashara. Wakati wote huo programu yenyewe imekaa ndani ya RAM uliyotaka kuiokoa.

Utapeli huu una ukoo mrefu. Mwaka 1995 kampuni ya Syncronys ya Marekani iliuza SoftRAM95, iliyoahidi kuongeza RAM ya Windows 95 maradufu bila kununua chipu. Wataalamu walipoifungua hawakukuta ubanaji wowote wa kumbukumbu wa maana ndani yake, na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ikaishika kampuni hiyo kwa madai ya uongo. Tangu wakati huo wauzaji wamejifunza kutoahidi kitu kinachopimika.

Kuna swali moja la nyongeza ambalo si la kijinga, na huulizwa na vijana wanaoandika programu: kama kila kitu ni alama, kwa nini kerneli isiongezewe alama moja ya kusema ukurasa huu ni wangu, usiuguse? Kwanza, karibu ipo: programu inaweza kuomba kurasa zake zifungwe RAM, kwa kiwango kinachodhibitiwa, maana kila mtu akifunga za kwake mashine inasimama. Pili, nafasi hakuna. Zile biti za rekodi ni 64 kwenye mashine za sasa na 32 kwenye za zamani, na hazibebi alama tu. Zinabeba pia namba ya eneo la RAM ukurasa ulipo. Alama zimekwisha kupita ishirini. Ukimpelekea mkaguzi wa sehemu hiyo ya kerneli badiliko linaloongeza alama mpya, jambo la kwanza atakalotaka kujua ni kwa nini usitumie mojawapo ya zilizopo.

Tatu, alama moja ikikaa vibaya haionekani, na inaweza kukaa vibaya kwa miaka. Kumbuka Dirty COW, tundu la usalama lililofichuliwa Oktoba 2016. Kulikuwa na njia ya kuandika kwenye ukurasa wa faili unaoruhusiwa kusomwa tu: kerneli inatengeneza nakala ya faragha, kisha inaondoa alama ya “nataka kuandika” ili jaribio la pili lipite kwenye nakala. Ndani ya ule upenyo mdogo, uzi mwingine wa programu ileile unatoa amri ya kutupa nakala. Jaribio la pili linakuja bila alama, linapewa ukurasa halisi wa faili, na linaandika humo. Mtumiaji wa kawaida anakuwa msimamizi mkuu wa mashine. Tundu hilo lilikuwepo tangu toleo la 2.6.22 la mwaka 2007, Android ikiwemo. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliliziba kwa kuongeza alama mpya, FOLL_COW, na kuitegemeza kwenye alama ya uchafu. Mwaka 2017 ikaonekana kwamba kwenye kurasa kubwa uchafu unaweza kuwekwa kwa njia nyingine. Mwaka 2022 mhandisi David Hildenbrand akaonyesha njia nyingine tena, na FOLL_COW ikaondolewa kabisa, kazi yake ikapewa alama inayosema wazi kwamba ukurasa huu ni wa mchakato mmoja peke yake. Miaka kumi na tano, kwa biti moja ambayo kila aliyeigusa aliona ni ndogo. Ndiyo maana mkaguzi anayerudisha badiliko la mstari mmoja mara nne hamtesi mtu.

Basi, mashine ikiwa nzito kweli, fanya hivi, na haraka. Kwenye seva soma available, siyo free. Endesha `vmstat 1` na uangalie safu za `si` na `so`, yaani kinachoingia kutoka swapu na kinachotoka kwenda huko: zikikaa sifuri, mara nyingi RAM si tatizo lako, tafuta diski au hoja mbaya ya hifadhidata. Kerneli ikiwa 4.20 au mpya zaidi, soma `/proc/pressure/memory`. Itakwambia ni asilimia ngapi ya muda kazi zimekwama zikingoja kumbukumbu. Programu inayovimba siku hadi siku ina mvujo: irekebishe, au iwekee kikomo ife peke yake bila kubeba hifadhidata. Swapu usiizime. Swappiness, kipimo cha jinsi kerneli inavyopenda kutumia swapu, usiishushe hadi 0 kwa sababu mtu fulani alisema. Kwenye mashine yenye zram, kuipandisha ndiko kunakosaidia mara nyingi. Diski ya kuzunguka ibadilishe iwe SSD. Available ikiwa chini, na `si` na `so` zinacheza mfululizo, nunua RAM.

Kwenye simu, ondoa programu usizotumia, ukianza na ile ya kusafisha. Acha hifadhi iwe na nafasi, maana simu iliyojaa picha hadi pomoni huwa nzito kuliko iliyojaa RAM. Isasishe. Izime na kuiwasha ikichanganyikiwa. Chukua matoleo mepesi ya programu nzito pale yanapopatikana. Na kabla hujaniandikia kuhusu ile RAM ya nyongeza inayotangazwa kwenye maboksi, 8 jumlisha 8: hiyo ya pili ni swapu kwenye hifadhi ya simu, ya mwendo wa polepole mara nyingi kuliko RAM, nayo inachakaa kwa kuandikwa. Kwenye simu ya GB 8, izime nyongeza hiyo kwenye mipangilio. Kwenye ya GB 3, iache kiasi, na usitarajie mengi.